Pumse ya Shangazi Zuhura

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo sijaisahau hata kipande, na leo nataka nikusimulie kwa utaratibu, tangu asubuhi hadi jioni. Nimesikia kwamba wiki ijayo utakaa kwenye kiti cha mwamuzi kwa mara ya kwanza. Mama yako ndiye aliyeniambia, tulipokuwa tunapakua pilau kwenye arusi pale Bowie. Alilisema kana kwamba ni jambo dogo, kisha akaenda kulirudia kwenye meza ya pili, na ya tatu, hadi bwana arusi mwenyewe akalisikia. Usimcheke. Mimi ningepata nafasi ningelitangaza kwenye kipaza sauti.

Nitaeleza kidogo kwa ajili ya wazazi watakaoyasoma haya pamoja nawe, maana wengi huwaleta watoto mazoezini kisha wakabaki kwenye gari na simu zao, wasijue kinachoendelea ndani. Pumse ni mpangilio wa hatua, vizuizi, ngumi na mateke ambao mwanafunzi wa taekwondo huufanya peke yake, kama vile anapigana na watu asiowaona wanaomjia kutoka kila upande. Kila ngazi ya mkanda ina pumse yake. Waamuzi hukaa wakatazama, na kila kosa hupunguza alama: mguu ukikanyaga pasipo pake, mkono ukichelewa, macho yakitangatanga, mtu akisahau na kusimama. Hakuna anayepigwa, hakuna anayeangushwa, na ndiyo maana watu wa nje hudhani ni mchezo mwepesi. Wewe unajua, nami najua, kwamba ni vigumu kujificha ukiwa umesimama peke yako katikati ya ukumbi.

Mimi nilifundishwa pumse Morogoro, uani kwa shangazi yangu Zuhura, kati ya kamba za nguo na banda la kuku. Shangazi alikuwa askari polisi. Katika ujana wake alifundishwa na Mkorea aliyeletwa kuwafundisha askari kujilinda kwa mikono mitupu, na kwa maelezo ya shangazi, mzee yule alijua maneno mawili tu ya Kiswahili: "bado" na "tena". Ukikosea, bado. Ukipatia, tena. Shangazi aliirithi hotuba hiyo nzima, akaitumia kwetu. Nilifanya mazoezi chini yake tangu nikiwa shule ya msingi hadi nilipokuwa mwanamke mzima. Siku aliponipa mkanda mweusi alivua ule wa kiunoni kwake akanifunga mimi, akabaki ameishika sare yake kwa mkono isifunguke, huku majirani wakipiga vigelegele bila kujua hasa wanashangilia nini.

Nilipokuja huku Marekani nilifikia kwa kaka yangu, mtaa wa Columbia Heights. Mchana nilikuwa dukani nikipanga nguo, jioni darasani, na siku zilizobaki nilipanda treni hadi Rockville, kwenye ukumbi wa mazoezi uliokuwa juu ya duka la mazulia. Mwenye ukumbi alikuwa Mkorea wa makamo, tukimwita Sabum Han. Sabum ni mwalimu. Siku ya kwanza alinitazama nikifanya yote niliyoyajua, kisha akaniambia kwa adabu kwamba mateke yangu ni mazuri lakini mkanda wangu una tatizo. Shule zilizokuwa kwenye umoja mmoja na yake hazikumjua aliyenipa. Nilikuwa na njia mbili. Ama niuvue, nifunge mweupe, nianze upya pamoja na watoto. Ama nisimame kwenye mashindano ya masika, kundi la wanawake wa mkanda mweusi, na mwamuzi mkuu akisema kwamba alichokiona ni kazi ya mkanda mweusi, hakuna atakayeniuliza tena.

Nilichagua kusimama. Wapo waliosema ni kiburi, na kiburi kilikuwamo, sitakataa. Lakini kuuvua mkanda ule kwangu kulikuwa sawa na kumwambia shangazi kwamba miaka yote ile ya uani alikuwa anacheza na watoto tu.

Sasa sikiliza ugumu ulipokuwa. Pumse ya kwanza ya mkanda mweusi, kama shangazi alivyonifundisha, ilifanana na ya Sabum Han karibu yote, ila mahali pamoja. Kule mwisho wa uwanja, unapogeuka kurudi, wanafunzi wa Sabum Han walitua mguu na kukinga kwa mkono wazi, moja kwa moja, bila kusita. Kwa shangazi mguu hautui. Unageuka, goti linabaki juu, ngumi zote mbili kiunoni, unasimama kwa mguu mmoja kwa pumzi nzima, na hapo ndipo unapiga teke la ubavu. Mkorea wake, kwa kuwa hakuwa na maneno, alimweleza sababu kwa kushika sikio lake mwenyewe na kuonyesha nyuma ya mgongo. Pale unamsikiliza aliye nyuma yako.

Kwa mtu asiyeijua, pumzi ile inafanana kabisa na mtu aliyesahau.

Nilimwuliza Sabum Han nifanye ipi. Alinitaka nimwonyeshe yangu, kisha tena, akakuna kidevu, akasema zote ni pumse na kwamba hawezi kunichagulia, kwa sababu mkanda unaoulizwa si yeye aliyeutoa. Ila alinipa sharti: nichague kabla sijainama kuwasalimu waamuzi, na nikishainama nisibadilishe.

Mwenzangu wa mazoezi wakati huo alikuwa Wanjiku, nesi kutoka Nyeri, mkanda wa buluu, mwenye maneno kuliko ukumbi mzima. Aliponiona najizoeza kusimama na goti juu aliniuliza kama nimeamua kuwa korongo, akazunguka ukumbi akirukaruka kwa mguu mmoja na watoto wote nyuma yake, hadi Sabum Han akalazimika kupiga makofi kurudisha nidhamu. Lakini siku ya mashindano ni Wanjiku huyohuyo aliyetoka zamu hospitalini akaja moja kwa moja kunichukua kwa gari lake, na njiani akaniombea kwa Kiswahili, kwa Kikuyu, na kwa Kiingereza kwa ajili ya waamuzi.

Mashindano yalikuwa kwenye jimu ya shule moja, upande huu wa Maryland. Sakafu ilikuwa imegawanywa kwa utepe kuwa viwanja. Kwenye uwanja wetu waamuzi walikuwa watano, mkuu upande wa mbele katikati na mmoja kwenye kila pembe, wote wamevaa makoti ya buluu na soksi, maana hapo hapakanyagwi kwa viatu. Mwamuzi mkuu alikuwa Mwalimu Yun, mama wa Kikorea, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa usawa wa masikio. Sabum Han alikuwa kwenye pembe moja. Jina langu liliposomwa alisimama, akainama, akatoka uwanjani, kwa kuwa mwamuzi hamtolei alama mwanafunzi wake. Kiti chake kikachukuliwa na Bwana Dorsey, Mmarekani mwenye shule yake huko Virginia, mtu wa mwili mkubwa na sauti ndogo.

Unaujua utaratibu wa watatu wa kwanza. Hufanya pumse zao bila kupewa alama, wakaketi kusubiri, ili waamuzi wapate kipimo cha siku hiyo, ndipo huitwa mmoja mmoja. Hakuna anayependa kuwa wa kwanza, kwa sababu wa kwanza ndiye anayetazamwa na macho ambayo hayajapata cha kulinganisha. Niliitwa wa kwanza. Wanjiku akanong'ona kwamba mipango ya Mungu ni mizuri siku zote, ila huu angependa kuelezwa zaidi.

Nilisimama mbele ya Mwalimu Yun, nikataja jina langu, shule yangu na pumse nitakayofanya, nikaomba ruhusa ya kuanza. Nilikuwa nimeshachagua. Nikainama, nikafanya ya shangazi.

Mwanzo wote ulikwenda vizuri kuliko mazoezini. Vizuizi vilikaa mahali pake, ngumi zilifika zilipotakiwa kufika. Nilipofika kule mwisho nikageuka, goti likapanda, nikasimama. Katika pumzi ile nilisikia vitu vingi: filimbi ya uwanja wa pili, mtoto akiomba maji, na karibu yangu, kwenye pembe, kalamu ya mtu ikiandika. Ilikuwa ya Bwana Dorsey. Nikapiga teke, nikaendelea hadi mwisho, nikainama, nikaenda kuketi sakafuni kando ya utepe.

Aliyenifuata alikuwa dada kutoka Baltimore, mwenye nguvu, aliyeteleza kidogo kwenye kona. Wa tatu alikuwa msichana wa Virginia, mwembamba, na mateke yake yalibaki hewani kama yameanikwa. Nilimtazama nikasahau kuogopa. Nakwambia hili ili ujue kwamba hata siku unayopigania lako unaweza kufurahia la mwenzako, na hilo halikupunguzii kitu.

Nikaitwa kupokea alama. Badala ya kadi za alama kuinuliwa, Bwana Dorsey aliinua mkono akaomba waamuzi wakutane. Wakasogea wote kwa mwamuzi mkuu, wakainamisha vichwa. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu, nikasikia karibu yote. Bwana Dorsey alisema, bila ubaya wowote katika sauti yake, kwamba nilisahau, nikasimama nikitafuta hatua, kisha nikajitungia teke ambalo halimo. Kwa mkanda mweusi hilo ni kosa kubwa, alisema, na kwa kuwa mkanda wenyewe ulikuwa na swali, afadhali jibu lipatikane leo kuliko kunipa matumaini ya bure. Mwenzake mmoja alikubaliana naye. Mwingine alisema nilisimama imara mno kwa mtu aliyesahau. Wa mwisho alinyamaza akisubiri kuona upepo unaelekea wapi. Hao wote utakutana nao, mwanangu, kila jopo la waamuzi lina mmoja wa kila aina.

Mwalimu Yun aliwasikiliza hadi wakamaliza. Kisha akaniita.

"Ulisahau pale mwisho?"

"Hapana, Mwalimu."

"Ndivyo ulivyofundishwa?"

"Ndivyo nilivyofundishwa."

"Na nani?"

"Shangazi yangu."

Mtu mmoja kwenye mabenchi alicheka. Mwalimu Yun aligeuza kichwa polepole kumtafuta, na kicheko hakikurudi. Bwana Dorsey akamwuliza kama yeye, kwa uzoefu wake, anaijua pumse hiyo ikifanywa namna ile. Mwalimu Yun alikuwa na umri na cheo cha kusema lolote, na wote wangeitikia. Angesema si sahihi, yangekwisha. Angesema ni sahihi, yangekwisha pia.

"Sijawahi kuiona," alisema. "Kwa hiyo siwezi kusema ni kosa, wala siwezi kusema ni sawa."

Kisha akaniambia nirudie yote tangu mwanzo. Alieleza sababu mbele ya kila mtu, na maneno yake nimeyabeba tangu siku ile. "Kama ulisahau, hutaweza kusahau vilevile mara ya pili. Kama umefundishwa, tutaona kitu kilekile."

Aliwapanga waamuzi upya. Bwana Dorsey aliambiwa aache kiti, aende akae chini kule mwisho wa uwanja, atazame mguu nitakaosimamia na asitazame kitu kingine. Mmoja alipewa goti. Wawili walipewa pumzi. Wote waliambiwa waweke kalamu chini. Mimi nilipewa nafasi ya kunywa maji.

Wanjiku alikuja na chupa, na uso wa kazini, ule anaowaonyesha ndugu wa mgonjwa.

"Skiza, Mwaju," aliniambia. "Hiyo mguu iteremshe. Fanya kama wao, watasema ulisahau kidogo sasa umekumbuka, watakukata alama, mkanda unabaki, tunaenda nyumbani. Shangazi yako hayuko hapa. Nani atamwambia?"

"Wewe."

Alifikiri kidogo. "Hiyo nayo ni kweli," alisema, akachukua chupa yake.

Lakini sitaki umwone Wanjiku kama mtu wa maneno tu. Hesabu yake ilikuwa nzuri. Nikibadilisha, ningeonekana nimejisahihisha, na kujisahihisha husamehewa. Nikirudia vilevile na mguu ukatetemeka, au nikatua mahali tofauti, au pumzi ikawa fupi kuliko ya kwanza, yangekuwa makosa mawili juu ya lile la kwanza, na mkanda wa shangazi ningetoka nao mkononi. Na miguu ilikuwa imechoka. Nilimtafuta Sabum Han kwa macho. Alikuwa mlangoni, ametupa mgongo, makusudi, ili mtu yeyote asije kusema alinipa ishara.

Nikataja tena jina langu, shule yangu na pumse yangu. Nikainama.

Safari hii sikusikia filimbi wala mtoto. Watu wa viwanja vya jirani walikuwa wameanza kusogea kutazama. Nilipofika kule mwisho nikageuka na goti likapanda. Chini yangu Bwana Dorsey alikuwa amekunja miguu sakafuni kama mtoto wa chekechea, anakitazama kisigino changu. Paja likaanza kutetemeka kwa ndani, ule mtetemo ambao unaujua mwenyewe na suruali inakufichia. Kila kitu mwilini kilitaka kutua. Nikamsikia shangazi akisema bado, kwa sauti yake ileile ya kuchoka ya jioni, akiwa anaanua nguo. Nikavuta pumzi hadi mwisho wake, sikuikata kwa woga wala sikuirefusha kwa maonyesho. Kisha teke. Kisha yote yaliyobaki, hadi mwisho.

Mwalimu Yun hakuinua kadi. Aliuliza kila mmoja alichokiona, akaanza na aliyekuwa na shaka zaidi. Bwana Dorsey alikuwa bado amekaa chini. Aliweka kiganja chake sakafuni, mahali mguu wangu ulipokuwa.

"Hapahapa," alisema. "Mara zote mbili. Huyu hakusahau kitu."

Yule wa goti akasema kimo kilekile. Wale wa pumzi wakasema urefu uleule. Ndipo Mwalimu Yun akawaambia waamuzi wenzake, kwa sauti ya kawaida lakini isiyojificha, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa karipio bora nililowahi kulisikia, maana alijihesabu na yeye ndani yake.

"Tumepewa kadi za kupima walichofanya. Hatukupewa kadi za kuwafuta waliowafundisha. Sasa tumtazame kwa haki: nguvu, mizani, pumzi, macho."

Kadi zikainuliwa. Mwisho wa siku nilikuwa wa pili, na wa kwanza alikuwa yule msichana wa Virginia, kwa haki kabisa. Kadi ya Mwalimu Yun ndiyo iliyonipa alama ndogo kuliko zote. Nilipokwenda kumwinamia kumshukuru alinishika mkanda, akauvuta kidogo kama mama anayemkaza mtoto sare ya shule, akasema huu ni wako, na asiulize mtu tena. Kisha akanieleza kuhusu alama. Mara ya pili, nilipomaliza, nilikuwa nimemkazia macho yeye. Aliniuliza kama nilikuwa napigana na yeye. Wanaokujia wako pande zote, alisema, na mimi nimekaa tu kwenye kiti. Nilitoka pale na mkanda na karipio, na hadi leo sijui kipi kimenifaa zaidi.

Jioni nilimpigia shangazi kwa kadi ya simu, Wanjiku akiwa pembeni anadai aongee yeye kwanza kama shahidi. Nikamweleza shangazi yote kwa mpangilio.

"Wa pili?" alisema. "Wa kwanza nani?"

"Msichana mmoja wa Virginia."

"Anajua?"

"Anajua sana, shangazi."

"Basi sawa. Na ule mguu?"

"Niliuinua mara mbili. Mwamuzi mmoja akakaa chini sakafuni kuutazama."

Nikamsikia akiwaambia waliokuwa nyumbani, kwa sauti ya askari anayesimamisha gari, kwamba huko Marekani mwamuzi mzima amekaa chini kuutazama mguu wa Zuhura. Hakusema mguu wangu. Wanjiku alinitazama aone kama nitamsahihisha. Sikumsahihisha, maana alikuwa sahihi.

Majira ya joto Bwana Dorsey alipanda ngazi za ukumbi wetu Rockville na sare yake begani, akaomba nimfundishe ile pumse. Alikuja mara nyingi, na kila alipoyumba kwenye goti nilimwambia bado, hadi akajifunza neno. Shangazi ametangulia mbele ya haki, lakini hakuondoka kabla sijampelekea picha: safu ya watoto wa Virginia, wa kila rangi, wamegeuka, goti juu, wote wanasikiliza. Ipo kwenye fremu sebuleni kwake hadi leo, juu ya televisheni, na wageni huelezwa kabla hawajapewa chai.

Nami nimekuwa mwamuzi, kisha mwamuzi mkuu, na nimewaambia wengi warudie. Usidhani ni msamaha. Mwaka juzi kijana mmoja wa hapa Rockville, baba yake rafiki yangu wa siku nyingi, alisimama katikati ya pumse mkono juu, na tulipomwita akasema kwa kujiamini kabisa kwamba shuleni kwao ndivyo wanavyofanya. Nikamwambia rudia. Mkono ukaenda kushoto. Nikamwambia rudia. Mkono ukaenda kulia. Mwenyewe akaanza kucheka. "Sawa, Auntie," akasema, "nili-forget." Nikamkata alama zake zote alizostahili kukatwa, na jioni baba yake akanipigia kunishukuru.

Sasa nasema nawe, mwanangu, na ninavyosema nawe nasema na wenzako wote mnaoinukia.

Utakapokaa kwenye kile kiti utapewa kalamu na kadi, na mkono utataka kufanya kazi haraka kuonyesha kwamba jicho lako ni kali. Uzuie. Ukiona kitu usichokijua, jiulize kwanza kama ni kosa au ni mafundisho ya mtu mwingine. Huwezi kujua kwa kukisia. Muulize aliyefanya, mwombe arudie, na ushuke kwenye kiti chako ukatazame kwa karibu kama itabidi. Bwana Dorsey hakupungukiwa na kitu kwa kukaa sakafuni. Na usiogope kusema hujawahi kuiona. Mama yule alisema hivyo mbele ya jimu nzima, na heshima yake ilipanda siku ile, haikushuka.

Ukithibitisha kwamba ni kosa, kata. Usimwonee mtu huruma ya kumdanganya, hata akiwa mtoto wa rafiki, hata akiwa wa kwetu na ukumbi mzima ni wa wengine. Akiwa mwanafunzi wako, inuka utoke. Na zamu ya kusimama ikikufikia wewe, chagua kabla hujainama, kisha ulibebe ulilolichagua hadi mwisho, macho yako yakiwa kwa wanaokujia na si kwa wanaokupima.

Na haya usiyaache kwenye jimu. Nimewasikia pale kwenye arusi mkimcheka yule mama wa Lubumbashi alipowaita "batoto" wake waje kula, na Wakenya wakiwacheka Watanzania kwa kuzungusha maneno, na Watanzania wakiwacheka Wakenya kwa kuyakata. Mcheke kwa upendo, sote tunachekana. Lakini msipunguziane alama. Kila mmoja wetu alifundishwa na mtu uani mahali fulani, na mtu huyo aliamka mapema kumfundisha.

Sisi tulikuja huku tukiulizwa nani aliyetupa mikanda yetu. Wewe unakaa kwenye kiti cha kuuliza. Sijui kama unaelewa umbali uliopo kati ya hayo mawili, lakini mimi nitakuwa kwenye benchi la mbele, na mama yako kando yangu, na tutaelewa kwa niaba yako.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe jicho la haki na moyo usio na haraka. Awape afya wazazi wako wakuone kwenye kiti hicho kwa miaka mingi, na awarehemu wote waliotufundisha na sasa hawapo. Na kila atakayeinama mbele yako, ashinde au ashindwe, ainuke akijua kwamba ametazamwa vizuri. Amina.